Jibu kwa katibu wa bodi: akili unde na muhtasari wa kikao cha mtandaoni

Swali: Mimi ni katibu wa bodi ya SACCOS ya watumishi hapa Morogoro. Wajumbe wetu wengi wamehamishwa vituo, kwa hiyo vikao vya bodi tunafanyia Google Meet, mara nyingine Zoom. Kijana wetu wa hesabu ameshauri tutumie akili unde irekodi kikao na kutoa muhtasari ili nisikeshe tena nikiandika. Mwenyekiti hataki. Anasema siri za wanachama zitakwenda nje. Tunaongea Kiswahili, ila kimechanganyika. Je, niache kuandika? Programu ipi inaelewa lugha yetu? Na mwenyekiti ana hoja?

Ndugu Katibu, salamu kwako na kwa bodi yako.

Swali la kwanza lina jibu fupi: itumie, lakini usiiachie kalamu. Akili unde itakuondolea ile kazi ya kurudia rekodi mara tatu ukitafuta nani alisema nini. Kuamua kikao kiliazimia nini ni kazi yako, maana muhtasari wa bodi ni hati. Unausaini wewe na mwenyekiti, unasomwa na kuthibitishwa kikao kinachofuata, Afisa Ushirika anaweza kuuomba, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akija ataufungua aone kama mkopo fulani ulipitishwa akidi ikiwa imetimia. Siku mjumbe atakapokana azimio, programu haitaitwa kujieleza. Ataitwa katibu.

Ili ujue pa kuiamini na pa kuishuku, fahamu kwamba hapo kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kusikia: programu inachukua sauti na kuigeuza maandishi, neno kwa neno. Ya pili ni kufupisha: programu nyingine, ya jamii ya ChatGPT au Gemini, inayasoma maandishi hayo na kutunga muhtasari. Hii ya pili haikuwapo kikaoni. Haikusikia mtu akisita, haikujua kwamba mtandao ulikatika mjumbe akiwa katikati ya sentensi. Inachukua kilichoandikwa na kukipanga kwa lugha nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Kosa la kusikia ukiliona kwenye maandishi ghafi unalishtukia mara moja, kwa sababu sentensi haina maana. Ukilikuta kwenye muhtasari limeshanyooshwa na kupewa sarufi safi, unalipita. Kwa hiyo usikubali kamwe muhtasari uliokuja peke yake. Dai pia maandishi ghafi, na uwe na sauti yenyewe ya kusikiliza.

Upande wa kusikia, Kiswahili hakijatendewa haki kama lugha za wakubwa. Chukua Whisper, mfumo wa kunukuu sauti uliotolewa na kampuni ya OpenAI Septemba 2022, ambao programu nyingi za kunukuu zimejengwa juu yake. Ulifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Karibu theluthi mbili zilikuwa za Kiingereza. Saa 117,000 ziligawanywa kwa lugha nyingine 96, na mgawanyo wenyewe haukuwa sawa: sauti ya Kiswahili yenye maandishi ya Kiswahili ilikuwa saa 5 na ushee. Lugha ya mamilioni ya watu, saa tano! Baadaye mambo yamesogea, na sehemu ya sifa iende kwa watu wa kawaida wa Tanzania, Kenya na Kongo waliojitolea kusoma sentensi kwa sauti zao katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla. Leo mtu mmoja akiongea taratibu karibu na maiki, Kiswahili sanifu kinanukuliwa vizuri. Kikao cha bodi si mtu mmoja anayeongea taratibu.

Kuna jambo jingine kuhusu Whisper linalohusu vikao moja kwa moja. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha utafiti uliokuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima, mfumo uliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka. Ilitokea zaidi palipokuwa na ukimya mrefu. Mashine imezoea kwamba sauti huzaa maneno. Ikikuta kimya, inatunga. Sasa kifikirie kikao chenu: mhasibu anatafuta faili, mjumbe wa Kigoma anaongea huku hajawasha maiki, mwenyekiti anasubiri. Ukimya umejaa tele. Ukiona katika maandishi ghafi sentensi nzuri ambayo haihusiani na ajenda, nenda kwenye dakika hiyo usikilize.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, kwa sababu makosa mazito zaidi hayatajwi kwenye maelezo ya wauzaji.

La kwanza ni ukanushi. Sisi tunakanusha kwa silabi moja iliyojificha ndani ya kitenzi. Mwenyekiti anasema, "Mwanachama huyu asikopeshwe mpaka amalize marejesho." Mtandao ukikwama sekunde moja na ile "si" ikamezwa, maandishi yanasema "akopeshwe". Azimio limegeuka, na sentensi inasomeka sawasawa kabisa. Vivyo hivyo "walipe" na "wasilipe", "tuuze" na "tusiuze". Kati ya yote nitakayokuandikia, hili ndilo ningependa ulibandike ukutani.

La pili ni saa. Mkisema kikao kijacho kitaanza saa tatu asubuhi, programu inayotengeneza orodha ya kazi au inayoweka miadi kwenye kalenda inaweza kuandika 3:00, kwa sababu imefunzwa na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mara nyingine inageuza yenyewe na kuandika 9:00, na ndani ya muhtasari huohuo inaacha nyingine bila kugeuza. Usiiachie kamwe kazi ya kutuma taarifa ya kikao.

Fedha nazo. Sisi tukiwa kikaoni hatutaji tarakimu zote. Mtu anasema "tumpe moja na nusu" na kila mjumbe anajua ni milioni moja na laki tano. Mashine inaandika 1.5, au inaandika nusu peke yake. "Laki mbili na nusu" ni 250,000 kwako. Nimeona ikitoka 200,000.5. Na msamiati wa ushirika hauujui vizuri: "mikopo chechefu", yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, inasikika kama kitu kingine, na "ukomo wa madeni", yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, ambao mkutano mkuu huupitisha, unaweza kutoka kama "ukoma". Hilo la mwisho utaliona. La 250,000 kugeuka 200,000 huenda usilione.

Lakini linalosumbua kuliko yote halimo kwenye maneno, limo kwenye adabu. Tazama mazungumzo ya namna hii, ambayo kila katibu ameyasikia:

Mwenyekiti: Basi lile la pikipiki ya ofisi, Mwalimu, utatuangalizia?

Mjumbe: Haya mzee, tutaangalia, Mungu akipenda.

Mwenyekiti: Sawa sawa. Tuendelee.

Muhtasari wa mashine: "Iliazimiwa kwamba Mwalimu afuatilie ununuzi wa pikipiki ya ofisi na kutoa taarifa."

Aliyekuwapo kikaoni anajua kwamba suala hilo limewekwa pembeni kwa heshima. Hakuna aliyeazimia kununua kitu. "Tutaangalia" ya namna ile ni kukataa bila kumvunjia mtu heshima, na "sawa sawa" ya mwenyekiti ni kumwambia amemwelewa. Mashine inachukua kila "haya", "sawa" na "ndiyo mzee" kuwa kibali. Miezi mitatu baadaye, kwenye yatokanayo, Mwalimu anaulizwa taarifa ya pikipiki iko wapi, na aibu inampata mtu asiye na kosa.

Ongeza na majina. Hatuitani kama tulivyoandikishwa. Mjumbe yuleyule ni Mama Neema kwa mmoja, Daktari kwa mwingine, dada kwa wa tatu. Programu inamtambua mtu kwa jina la akaunti aliyoingilia, na kwenye Zoom mara nyingi jina hilo ni la simu yenyewe. Wajumbe wawili wakitumia simu moja wakiwa ofisi moja, wote wanakuwa mtu mmoja.

Ukiisha kuyajua haya, utaona kwamba tiba kubwa haimo kwenye kuchagua programu. Imo kwa mwenyekiti. Bodi ambayo mwenyekiti wake anafunga kila ajenda kwa kusoma azimio kwa sauti itapata rasimu nzuri hata kwa programu ya kawaida. Bodi inayofunga ajenda kwa "basi tumeelewana" haitaokolewa na programu yoyote. Mwombe aseme kila mara kwa maneno yaleyale: "Bodi imeazimia kwamba," kisha jambo lenyewe, nani atatekeleza, na mwisho lini. Pale mnapokataa, asiseme "asikopeshwe". Aseme, "Bodi imekataa ombi la mkopo la mwanachama namba fulani." Neno "imekataa" ni zito, halimezwi na mtandao. Kiasi akitaje chote, "shilingi milioni moja na laki tano", na wewe papo hapo ukiandike kwa tarakimu kwenye ujumbe wa kikao ili wote wakione: 1,500,000. Tarehe na saa vivyo hivyo. Na unaona alivyotaja namba ya mwanachama badala ya jina? Hapo umeshapunguza nusu ya hofu ya mwenyekiti, nitarudi huko.

Wajumbe nao waingie kila mtu kwa simu yake, wavae hedifoni wakiweza, wazime maiki wasipoongea, na kila anayepewa nafasi ajitaje kwanza, kama watu wanavyofanya kwenye mkutano wa kijiji. Wewe uwe na karatasi moja tu mbele yako: ajenda, azimio, kiasi, mtekelezaji, saa. Maelezo marefu yaachie mashine. Hiyo karatasi moja ndiyo utakayoipimia rasimu.

Swali lako la pili, programu ipi. Google Meet kwa akaunti ya bure ya Gmail hairekodi, na kikao cha watu watatu au zaidi kinakatwa kikifika dakika 60. Kurekodi, na ile huduma ya Gemini ya kuandika dondoo, vinataka vifurushi vya kulipia. Zoom ya bure inakata kwa dakika 40, ila ukiingilia kwenye kompyuta inakuruhusu kurekodi na kuhifadhi hapohapo kwenye kompyuta, na inakutengenezea faili la sauti peke yake mbali na la picha. Kabla ya kulipia kifurushi chochote, fungua orodha ya lugha za kunukuu uone kama Kiswahili kimo. Usidanganyike na Kiswahili kuwamo kwenye orodha ya tafsiri, hizo ni huduma mbili.

Zipo pia programu kama Otter, Fireflies na Read, ambazo huingia kikaoni kama mshiriki mwingine, unaona jina lake pale kwenye orodha. Siwashauri. Otter ilijengwa juu ya Kiingereza, na Agosti 2025 ilifunguliwa kesi katika mahakama ya shirikisho huko California, mlalamikaji akidai kwamba ilikuwa ikirekodi mazungumzo ya watu ambao hawakuridhia na kuyatumia kufunzia mifumo yake. Kesi ina njia yake, siihukumu hapa. Ila namna programu hizi zinavyosambaa inanitia wasiwasi: mtu mmoja akiunganisha kalenda yake, programu inaweza kumfuata kwenye kila kikao anachoalikwa, hata yeye mwenyewe asipohudhuria. Mkimwalika mgeni, tuseme mtu wa benki au wa bima, na jina lisilojulikana likaingia nyuma yake, mwenyekiti aulize ni la nani kabla ya kufungua kikao, na kama ni programu, itolewe.

Ninachokushauri ni hiki. Rekodini kwa Zoom kwenye kompyuta ya chama, kisha mnukuu sauti kwa Whisper kwenye kompyuta hiyohiyo. Whisper ni ya bure, leseni yake iko wazi, na ikishasakinishwa inafanya kazi hata bila intaneti. Sauti haitoki kwenye chumba chenu. Kijana wenu wa hesabu, akiwa na subira ya kusoma maelekezo, ataisakinisha. Mwambie mambo matatu. Asitumie saizi ndogo: mfumo huu hutolewa kwa saizi mbalimbali, ndogo ni nyepesi lakini kwa Kiswahili zinaangusha mno, achukue kubwa hata kama kompyuta italala ikifanya kazi usiku kucha. Aiambie waziwazi kwamba lugha ni Kiswahili, asiiache ijitafutie, maana hutambua lugha kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo tu. Kikao kikifunguliwa kwa dua ya Kiarabu au kwa salamu za Kiingereza, yote yanayofuata yatanukuliwa kwa lugha hiyo, au yatatafutiwa maneno yake kwa nguvu. Na mwanzoni aipe mstari wa msamiati wenu: hisa, akiba, marejesho, mikopo chechefu, wadhamini, ukomo wa madeni, Kamati ya Usimamizi, majina ya wajumbe. Maneno hayo ikiyaona mapema inayasikia vizuri zaidi. Whisper yenyewe haitofautishi wasemaji, ndiyo maana nimesema kila mtu ajitaje.

Msianze na kikao halisi. Chukueni dakika kumi za rekodi ya zamani, zenye majina na hesabu, mjaribu. Halafu msihesabu maneno yaliyokosewa, kwa sababu kukosea "yaani" na "kwa kweli" si hoja. Hesabuni maazimio, viasi, tarehe na majina. Hapo mtajua kama inafaa kwenu.

Kwa kazi ya pili, ya kufupisha, utahitaji ChatGPT, Gemini au nyingine ya namna hiyo, na maelekezo utakayoipa yana uzito mkubwa. Ukiiambia "nifupishie kikao hiki" itakuandikia insha. Mimi huwapa makatibu maelekezo ya namna hii, nawe uyarekebishe yaendane na desturi yenu:

"Haya ni maandishi ya kikao cha bodi yaliyonukuliwa na mashine, na yana makosa. Andaa rasimu ya muhtasari kwa mpangilio huu: kufungua kikao, mahudhurio, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, ajenda moja baada ya nyingine, mengineyo, kufunga kikao. Andika azimio pale tu mwenyekiti aliposema 'Bodi imeazimia' au 'Bodi imekataa'. Chini ya kila azimio nakili maneno yake kama yalivyo pamoja na dakika yaliposemwa. Usibadili kiasi, tarehe wala saa. Usikisie jina la msemaji. Usipoelewa andika HAIELEWEKI. Usiongeze lolote lisilomo."

Ile sharti ya kunakili maneno na dakika ndiyo roho ya maelekezo yote. Inakuwezesha kukagua. Unakaa na karatasi yako, unakwenda kwenye dakika ya azimio la kwanza, unasikiliza, unaweka alama, unahamia la pili. Kikao cha saa mbili chenye maazimio nane unakikagua kwa muda mfupi, bila kukesha. Ukikuta dakika iliyotajwa haina maneno hayo, azimio hilo limetungwa. Lifute na ukague mengine yote kwa jicho kali zaidi. Halafu sambaza rasimu kwa wajumbe mapema, watu wakiwa bado wanakumbuka, usingoje hadi siku ya kuthibitisha.

Kuhusu mwenyekiti. Ndiyo, ana hoja, na hoja yake ina nguvu ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa asajiliwe na Tume, mwenye taarifa aelezwe zinakusanywa kwa kusudi gani, zisitumike kwa kusudi jingine, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Sheria hiyo inaweka miamala ya kifedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Sasa bodi ya SACCOS inazungumza nini kingine? Nani anadaiwa, nani amechelewesha marejesho, mdhamini gani ashikwe. Kama chama chenu hakijajisajili, hilo lishughulikieni kabla ya kuwaza programu yoyote.

Kupeleka rekodi kwenye programu ya mtandaoni maana yake ni kuipeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje, chini ya masharti ambayo kampuni inaweza kuyabadili. Agosti 2023 watumiaji wa Zoom walikuja juu walipogundua masharti mapya yaliyosomeka kama ruhusa ya kutumia mazungumzo yao kufunzia akili unde. Kampuni ikabadili maneno na kutamka kwamba haitatumia sauti, picha wala ujumbe wa wateja kwa kazi hiyo. Kelele zilisaidia. Lakini wangapi husoma masharti? Na kwenye matoleo ya bure ya programu za mazungumzo kama ChatGPT, unachokiandika kinaweza kutumika kuboresha mfumo mpaka uzime ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Izimeni. Na kabla ya kuyaingiza maandishi ya kikao humo, ondoeni majina na namba za simu, mbaki na namba za uanachama ambazo mtu wa nje haziwezi kumwambia kitu. Kama mwenyekiti alizoea kutaja namba tangu kikaoni, kazi hiyo itakuwa nyepesi.

Yapo mambo yasiyofaa kurekodiwa kabisa, hata kwa Whisper ya kwenye kompyuta yenu: mjadala wa ombi la mkopo la mtu mmoja na hali ya familia yake, ugonjwa wa mwanachama, nidhamu ya mtumishi wa chama. Mwenyekiti atangaze, "Rekodi imesimamishwa," nawe uandike kwa mkono kama zamani.

Nakuomba pia uchunguze jambo moja ambalo halimo kwenye sheria. Watu wakijua wanarekodiwa, wengine hunyamaza. Yule mjumbe mkimya ambaye kwa kawaida huuliza swali moja gumu kuhusu taarifa ya fedha, swali lenye kuokoa chama, anaweza kuamua kulibakiza moyoni au kulipeleka kwenye simu baada ya kikao. Ukiona ajenda ya taarifa ya fedha imepita upesi kuliko ilivyokuwa zamani, rekodi inawagharimu kitu kikubwa kuliko usingizi wako, na ni heri mrejee kalamu kwa ajenda hiyo.

Muhtasari ukishathibitishwa na kusainiwa, futeni rekodi na maandishi ghafi. Mkivihifadhi vyote, chama kitakuwa na kumbukumbu mbili za kikao kimoja, na atakayetaka ugomvi atatafuta zinapopishana. Ila kama kuna ukaguzi au shauri linaloendelea, msifute kitu mpaka liishe.

Haya yote yasibaki kuwa makubaliano yako na kijana wa hesabu. Yapite bodini. Nakuandikia rasimu ya azimio:

"Bodi imeazimia kwamba vikao vyake vya mtandaoni virekodiwe sauti kwa kusudi la kuandaa muhtasari tu, kwamba mwenyekiti atangaze rekodi inapoanza na inaposimama, kwamba mijadala ya maombi ya mikopo ya mtu mmoja mmoja, masuala ya afya na ya nidhamu yasirekodiwe, kwamba sauti inukuliwe kwenye kompyuta ya chama, na majina yaondolewe kabla ya maandishi kupelekwa kwenye programu yoyote ya nje, kwamba mjumbe au mgeni haruhusiwi kuingiza programu yake ya kunukuu, na kwamba rekodi na maandishi ghafi vifutwe ndani ya siku saba baada ya muhtasari kuthibitishwa, isipokuwa pale penye ukaguzi au shauri linaloendelea. Mtekelezaji: katibu."

Mpelekee mwenyekiti rasimu hii kabla hujatoa ajenda za kikao kijacho, ili apunguze na kuongeza anavyoona, na awe yeye wa kuiwasilisha.